Ukuta Uliogeuza Upepo

Nyinyi wanne mnaoanza kazi Jumatatu pale kiwanja cha ndege chini ya kilima cha Mraru, nimesikia mmepewa vizibao vya rangi ya machungwa na kitabu cha maagizo chenye picha. Ni vizuri. Kisomeni. Wakati wangu hakikuwepo, na hata kingekuwepo, mimi nilitoka shule darasa la sita, Kiingereza chake kingenishinda. Lakini nilikaa pale miaka kumi na tisa nikishona soksi za upepo na, mwishoni, nikiwaambia marubani wa ndege za mizigo upepo unatoka wapi, na kuna mambo ambayo hayapigwi picha. Ndiyo haya ninayoandika kwenye daftari la mistari, mguu wangu mbovu ukiwa juu ya kiti.

Naitwa Mkamburi, ingawa wengi wenu mnanijua kama Mama Soksi. Mtaambiwa nina mdomo mchungu, na kwamba nikianza kutaja watu sikomi. Ni kweli, na leo nitawataja. Ila kwanza nataka mumjue Mzee Mwadime, aliyenifundisha kazi, ambaye nilikaribia kumpoteza mara mbili kwa ajali moja. Mara ya kwanza ilikuwa kwa ndege. Mara ya pili ilikuwa kwa mdomo wangu huu huu.

Sikwenda kiwanjani kutafuta kazi. Nilikuwa fundi wa nguo Voi, cherehani yangu ikikaa kwenye baraza ya duka la vyombo. Siku moja akaja mzee mrefu, mwembamba, amebeba kitambaa kilichochanika, kirefu kunizidi.

"Dada, hii inashoneka?"

"Hii ni nini, mzee?"

"Ni soksi."

"Ya nani, ya ndovu?"

Hakucheka. "Ya upepo," akasema. Basi nikacheka peke yangu.

Nilimshonea mpya, nikajisifu. Aliipandisha kwenye mlingoti, akaitazama, siku ya pili akairudisha. Nilikuwa nimeishona mdomo na mkia upana mmoja, kwa hiyo upepo uliingia huku ukatokea kule, na kitambaa kikabaki kinaning'inia. "Mkamburi," akaniambia taratibu, "umemshonea upepo suruali." Ya pili niliishona kwa turubai nzito. Hiyo haikuinuka mpaka siku upepo ulipoezua banda la kuku la jirani. Ya tatu ndiyo ilikaa sawa: mdomo mpana, mkia mwembamba, kitambaa chepesi kama cha mwavuli, mkia ukimwonyesha rubani upepo unaelekea wapi. Nilipokwenda kuiona ikipanda, sikurudi tena kwenye baraza. Mzee aliomba nipewe kazi ya kumsaidia, nikapewa.

Mwadime alikuwa amechunga ng'ombe wa watu huko nyikani tangu akiwa mdogo, kisha akakata mkonge miaka mingi. Hakuwa na cheti hata kimoja. Lakini upepo aliujua kama ninyi mnavyojua simu zenu. Alinifundisha hivi: "Mvua ya upepo ikija, ng'ombe huupa upepo matako. Ndege ni kinyume cha ng'ombe. Ndege huupa upepo uso. Ukisahau mengine yote, usisahau hilo."

Nikamuuliza kwa nini. Akanipeleka nje. Alikuwa na mkokoteni wa madebe ya maji, akaniambia niusukume kwenye mteremko, upepo ukiwa mgongoni kwangu. Ukanikimbia, nusura uniburute mpaka barabara ya Taveta. Akasema, "Sasa fikiria ni jeti." Rubani anaposhuka, ndege inabebwa na upepo unaopita kwenye mabawa. Upepo ukimjia usoni, unamsaidia. Magurudumu yanagusa lami ndege ikiwa imepunguza mwendo. Upepo ukimjia mgongoni, hapo juu haoni tofauti kubwa, ila chini ardhi inampita mbio. Anaelea, anaelea, lami inaisha chini yake kabla hajaigusa. Akigusa, breki hazina nafasi ya kutosha. Na ndege ya mizigo ni mbaya zaidi, kwa sababu ni nzito na kwa sababu mizigo haipigi kelele. Abiria mia wakiyumbishwa watalia na rubani atajirekebisha. Katoni za maharagwe hazilii.

Kiwanja chetu, kama mtakavyoona, kina vichwa viwili, yaani ncha mbili za lami. Kimoja kinaelekea Voi, kingine Taveta. Asubuhi, hewa baridi hushuka kutoka vilima vya Taita na upepo huwa mdogo, unatoka upande wa Taveta. Saa nne hivi unatulia kabisa. Mchana jua likishapasha nyika, unageuka, unatoka upande wa Voi, na miezi ya kusi unakuja na vumbi lake lote. Kwa hiyo asubuhi ndege iingie kwa kichwa cha Voi, na mchana iingie kwa kichwa cha Taveta. Ni jambo rahisi.

Sasa shida ni kwamba ndege zetu zilitoka Mombasa. Kwao kuingia kwa kichwa cha Voi ni moja kwa moja, kama mtu anayeingia kwake. Kuingia kwa kichwa cha Taveta ni lazima upite kiwanja, ukate kona karibu na vilima, urudi. Ni dakika chache tu, lakini marubani huzichukia hizo dakika kama mtu mwenye njaa anavyochukia sala ndefu. Tena stoo ya baridi, ambako mboga za mashamba ya Mboghoni zilingoja, ilikuwa kule mwisho wa upande wa Taveta. Ukiingia kwa Voi unasimama mlangoni mwa stoo. Ukiingia kwa Taveta unasimama mbali, uje ukijikokota lami yote.

Meneja wetu aliitwa Gasper. Nimelitaja jina, na nitalitaja tena.

Mlingoti wa soksi ulikuwa katikati ya kiwanja, kando ya lami, mahali pa wazi. Wakati wa kiangazi ndovu walitoka mbugani kutafuta maji, na mmoja wao, dume mzee aliyekatika sikio, aliupenda ule mlingoti. Alikuja alfajiri, akajikuna ubavu wa kulia, akageuka, akajikuna wa kushoto. Siku ya tatu mlingoti ulilala chini. Tukausimamisha kwa saruji. Akarudi, akaulaza na saruji yake. Mwadime alicheka mpaka akakaa chini. "Huyu naye ana haki," akasema, "hapa kwao hawajaachiwa mti wa maana."

Gasper hakucheka. Alitaka mlingoti upandwe nyuma ya stoo ya baridi, upande wake wa Taveta, ndani ya ua wa umeme, ndovu asifike. Tulikuwa tumesimama watatu hapo hapo, nakumbuka.

"Hapa hapafai, bosi," Mwadime akasema. "Ukuta huu ni mrefu. Upepo wa mchana ukija kutoka Voi utaruka juu ya stoo, uanguke huku nyuma, ujigeuze. Soksi itaonyesha kinyume."

"Upepo ni upepo, mzee. Uko kila mahali."

"Uko kila mahali, lakini si kila mahali unasema ukweli."

"Na wewe hiyo ulisomea wapi? Kwa ng'ombe?"

"Ndiyo," Mwadime akasema. "Nilisomea kwa ng'ombe."

Wiki iliyofuata Gasper aliuhamishia mlingoti hapo nyuma ya stoo, akamtoa Mwadime kwenye redio, akampa pikapu yenye mitungi ya kuzimia moto, akae nayo mwisho wa lami. Kiti cha redio akanipa mimi. Nilipaswa kukataa. Sikukataa. Nilinunua hata kitambaa cha kichwa kipya cha kuvaa nikikalia kile kiti. Mwadime alikuja kunionyesha kitufe gani kinabonyezwa kabla ya kusema, akanipa ile redio bila neno baya, akaenda zake kwenye pikapu. Siku yangu ya kwanza rubani aliniuliza upepo, nami kwa woga nikamjibu, "Karibu sana, habari ya safari?" Mzee aliisikia kwenye redio yake ndogo. Jioni akaniambia, "Umemkaribisha vizuri. Kesho mwambie na upepo."

Kwa miezi kadhaa hapakutokea kitu, maana ndege zilikuja asubuhi, na wakati wa asubuhi soksi ile haikuwa na ubaya. Uongo wake ulikuwa wa mchana.

Kati ya marubani kulikuwa na kijana aitwaye Sami, rubani msaidizi. Ndiye aliyenibandika jina la Mama Soksi. Kila akija aliniletea uzi wa nailoni, kwa sababu nilimwambia uzi wa Voi unaoza juani. "Mama Soksi, uzi wako huu. Sasa ukinipa upepo mbovu nakudai." Rubani mkuu alikuwa Kapteni Baraka. Hakuwahi kunisalimia, lakini huo si ubaya ninaomtajia.

Siku yenyewe ilikuwa ya Agosti. Ndege ilichelewa Mombasa, ikaja saa tisa mchana, jeti imejaa mabomba ya chuma ya kunyunyizia mashamba ya Mboghoni. Nilipotoka kula nikirudi ofisini, upepo ulinipiga shavu la kushoto na kunijaza vumbi jichoni. Nilikuwa nimeelekea upande wa kusini, kuelekea ofisi. Shavu la kushoto ni upande wa Voi. Nililijua hilo. Naandika tena ili nisije nikajidanganya uzeeni: nililijua.

Nikakaa. Redio ikaita. "Kiwanja, nipe upepo." Ilikuwa sauti ya Sami.

Nikatazama dirishani. Soksi, kazi ya mikono yangu, ilikuwa imeinuka nusu, mkia wake umeelekea ukuta wa stoo. Yaani upepo unatoka Taveta, ni wa wastani. Wakiingia kwa Voi, moja kwa moja, watakuwa salama.

Kabla sijabonyeza, sauti ya Mwadime ikapasua redio. "Mkamburi, mwambie hapana! Angalia moshi! Angalia moshi!" Kulikuwa na watu wanachoma taka za mkonge ng'ambo ya barabara, na moshi ulikuwa umelala wote kuelekea Taveta, kama nywele zilizochanwa.

Gasper alikuwa amesimama nyuma yangu, mkono juu ya kiti. "Soma soksi," akasema. "Kazi yako ni kusoma soksi. Usiniletee maneno ya ng'ombe."

Nikabonyeza. Nikasema, "Soksi inaonyesha upepo kutoka Taveta, wa wastani."

Sami akauliza, "Na huyo mwingine anasema nini?" Sauti ya Baraka ikaingia juu yake: "Kiwanja nakiona. Tunashuka."

Mngeiona ndege ile mngejua hata bila kusoma. Ilipita kichwa cha Voi ikiwa juu na mbio, ikaelea. Ikapita alama nyeupe, bado inaelea. Magurudumu yaligusa lami ikiwa nusu ya kiwanja imeshaisha. Nilisikia injini zikinguruma kinyume ili kuizuia, nikaona moshi wa matairi, nikajua haisimami.

Mwisho wa lami, kwenye kivuli cha stoo, akina mama wa banda la kupakia mboga walikuwa wamekaa kupumzika. Mwadime aliwasha pikapu, akawaendea akipiga honi, akipiga mlango wa pikapu kwa mkono, akiwatukana kwa Kidawida, lugha yetu ya Taita, matusi ambayo sijawahi kumsikia akiyasema. Walikimbia wote tisa. Bawa likaipata pikapu. Pua ya ndege ikaingia kona ya stoo, na ukuta ukaangukia ofisi yetu iliyokuwa nyuma yake.

Sami alikufa pale pale. Baraka alivunjika mfupa wa bega. Gasper alikwaruzwa mkono. Mimi mguu wangu ulikaa chini ya matofali mpaka jua likawa la jioni, na wale akina mama tisa ndio walionichimbua kwa mikono. Mwadime alirushwa nje ya pikapu, mbavu nne zikavunjika, na taya lake. Madaktari walilifunga taya kwa waya. Wiki nyingi hakuweza kusema neno.

Hapo ndipo nilipokaribia kumpoteza mara ya pili.

Gasper alikuja wodini Voi na mkate na maziwa. Akakaa kitandani kwangu kama ndugu. Akasema wachunguzi wa ajali wanakuja kutoka Nairobi, watakaa kusikiliza ushahidi Wundanyi, huko juu vilimani, na kwamba chombo cha kunasa sauti ndani ya ndege kimenasa kelele za Mwadime. "Ndiyo iliyomchanganya rubani," akasema. "Tena akaingiza pikapu kwenye lami kabla ndege haijagusa. Wewe ulikuwa dirishani. Uliona."

"Sikuona hivyo."

"Dada Mkamburi. Kampuni itautibu huo mguu mpaka mwisho. Kazi yako ipo. Mzee hana cha kupoteza, ameshazeeka. Ukisema vingine, aliyesema upepo ni nani? Ni wewe."

Hakukosea. Soksi ilikuwa imezikwa chini ya ukuta. Mzee taya limefungwa. Palikuwa na mdomo mmoja tu uliobaki, nao ulikuwa wangu.

Kitanda cha Mwadime kilikuwa wodi ya wanaume, ng'ambo ya ua. Kila siku saa kumi alijikokota, akishika ukuta, akaja kukaa kwenye benchi karibu na dirisha langu. Hakuweza kusema, nami sikuthubutu. Alikuwa akinywa uji kwa mrija. Siku moja nilianguka nikijaribu magongo, akainuka na mbavu zake zile, akaniokota. Alinuka dawa. Nikalia kwenye shati lake, akanipigapiga mgongoni kama mtoto wa kucheulishwa.

Wundanyi nilipanda na magongo. Mwadime alikuwa amekaa mstari wa mbele, waya bado kinywani. Gasper alizungumza kwanza, kwa Kiingereza safi. Baraka akasema alipewa upepo, akauamini, kisha akaona pikapu. Mchunguzi mkuu, mama mmoja mtulivu mwenye miwani, akaniita.

Nikasema yote. Nani alihamisha mlingoti, nani alionywa akakataa. Moshi ulilala wapi. Pikapu ilitoka lini na kwa nini. Kisha nikafika kwenye kosa langu mwenyewe. "Mimi shavu langu liliniambia Voi," nikasema, "na mdomo wangu ukasema Taveta. Niliogopa mtu aliyesimama nyuma yangu."

Gasper akacheka kidogo. "Ukuta unaogeuza upepo," akasema. "Mama, hebu tuonyeshe."

"Twendeni," nikasema.

Yule mama mchunguzi akatazama saa yake, akafunga faili, tukateremka wote. Tulifika kiwanjani saa tisa na nusu. Nilivua leso niliyojifunga, nikaipasua vipande viwili kwa meno. Kimoja kikafungwa kwenye fimbo katikati ya kiwanja, kimoja nyuma ya kipande cha stoo kilichobaki kimesimama. Cha katikati kilipepea kuelekea Taveta, kimenyooka. Cha nyuma ya ukuta kiliinuka polepole, kikajigeuza, kikaelekea Voi. Vilikuwa vinaelekeana kama watu wawili wanaogombana.

Yule mama alitembea kutoka fimbo moja hadi nyingine, akarudi, akatembea tena. Kisha akamwendea Mwadime, akamshika mkono kwa mikono yake miwili.

Ripoti ilipotoka iliandika "meneja" na "rubani" na "mfanyakazi wa redio". Haikuandika majina, ndiyo maana nimeyaandika mimi. Gasper alihamia kampuni nyingine. Baraka nasikia bado anaruka. Mimi nilifukuzwa kwa kutoa upepo wa uongo, na hilo sikulipinga. Mguu nilijitibu mwenyewe. Lakini jina la Mwadime lilitoka safi, na akina mama tisa walimpelekea mbuzi nyumbani.

Walipomfungua waya alikuja kwangu. Maneno yalimtoka yamepinda, taratibu.

"Mkamburi, ningekuwa mimi kwenye kile kiti, na yule amenisimamia nyuma, sijui ningesema nini."

"Ungesema ukweli, Mzee."

"Sijui," akarudia. "Nina watoto sita." Akatazama vilima. "Yule mama wa Nairobi amenieleza kitu. Wamepima matangi. Mafuta yalikuwa yamebaki ya kuizungusha ile ndege mara nne, na bado ingerudi Mombasa."

Nikammiminia chai, akainywa kwa upande mmoja wa mdomo.

Kwa hiyo, wanangu, hili ndilo ninalowaomba, na nyinyi hamnijui vizuri lakini nawaomba kama mzazi. Itakuja siku soksi itasema hivi, mwili wenu utasema vile, na mtu mwenye tai atakuwa amesimama nyuma yenu. Bonyezeni kitufe mseme: sina hakika na upepo, zunguka. Neno hilo halihitaji cheti, hata mtu wa darasa la sita anaweza kulisema. Rubani atawatukana, atawaita washamba. Mwacheni atukane. Anayetukana bado yuko hai.